Mguu unapoa, kaunta inataka dipoziti

Barua ya msomaji

Bi Wakili, asalaam aleikum.

Nakuandikia nikiwa wodini, mwanangu amelala. Nasema mwanangu lakini ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka sita na huniita khalati. Sasa ana miaka 24, na kazi yake ni bodaboda huku kwetu Likoni, Mombasa.

Wiki tatu zilizopita, baada ya isha, aligongwa na gari dogo lililokuwa likilipita lori. Wenzake wakampakia kwenye tuktuk wakamkimbiza hospitali ya binafsi iliyo karibu, ile iliyoandika langoni kwamba inapokea dharura saa 24. Nilipofika ilikuwa kama saa mbili na nusu. Nilimkuta kwenye benchi la mapokezi. Mfupa wa muundi ulikuwa umetokeza nje na mwenzake alikuwa ameufunga kwa kile kizibao chao cha kung'aa. Kizibao chote kilikuwa damu.

Pale kaunta tuliambiwa faili haliwezi kufunguliwa bila dipoziti ya shilingi 60,000, na pia tulete karatasi ya polisi. Nikaanza kupiga simu. Watu wa mtaani wakachanga kwa M-Pesa, wenzake wa stejini wakachanga, lakini hadi karibu saa tano tulikuwa na 23,500 tu. Nikasema chukueni hizo, na kitambulisho changu, na kadi ya pikipiki. Wakakataa.

Kuna jambo linalonitesa zaidi ya yote. Daktari wa zamu usiku ule ni kijana wa jirani yetu. Namjua tangu akivaa kaptula ya shule. Alitoka, akainama, akamgusa wayo, akaniambia kwa sauti ndogo: "Mama, mguu unapoa. Mtoeni hapa haraka." Kisha akarudi ndani. Hakumgusa tena.

Tukavuka na tuktuk ileile. Feri ilikuwa imeshaondoka, tukangoja nyingine, mguu wake nimeupakata mapajani. Hospitali ya kaunti walimpokea kwa machela bila kuulizia hata shilingi, na kabla ya alfajiri alikuwa thieta. Kesho yake daktari mkubwa akatueleza kwamba mshipa wa damu wa nyuma ya goti ulikuwa umekatika, na mguu haukuokoka. Wameukata juu ya goti.

Sasa meneja wa ile hospitali ya kwanza amepiga simu. Anasema hawakuwa na thieta ya mifupa, kwa hivyo hawakuwa na la kufanya, lakini kwa ubinadamu watatoa magongo, kiti cha magurudumu na shilingi 150,000, tukitia saini karatasi ya kurasa mbili ya Kiingereza. Ami yake anasema tusaini, hii ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Mama wa yule daktari alikuja baada ya magharibi, akanishika mikono, akasema, "Nihifadhie mwanangu." Tumezikana na kuozana na watu wale. Huku nako bili inapanda, na wengine wananitia hofu kwamba hataruhusiwa kutoka mpaka ilipwe.

Je, sheria inamlazimisha daktari kumtibu mtu, au ni hisani yake tu? Na nimshtaki nani, hospitali au mtoto wa jirani?

*Khalati, Likoni*

Jibu

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole. Pole kwa kijana pia. Nitamrudia kabla sijamaliza, maana katika barua yako kila mtu amepata la kusema isipokuwa yeye.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: sheria inalazimisha. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakikuweka "isipokuwa". Hakikutaja dipoziti, bima wala kitambulisho. Na mtu asikwambie Katiba ni ya hospitali za Serikali peke yake. Kifungu cha 20 kinasema haki zilizo katika Sura ya Nne zinavibana vyombo vyote vya dola na watu wote. Hospitali ya binafsi imo humo, pamoja na mwenye hisa zake na mkaa kaunta wake.

Hata hivyo Katiba ilikuwapo mwaka 2015, na Oktoba ya mwaka huo mtu aliyegongwa na gari Nairobi alikaa saa 18 ndani ya ambulansi, akizungushwa akitafutiwa kitanda, mpaka akafariki. Nchi nzima ililia. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Afya ya 2017, na kifungu chake cha 7 ndicho ninachotaka ukishike vizuri, kwa sababu kinamjibu yule meneja neno kwa neno.

Sheria hiyo inaeleza matibabu ya dharura kuwa ni yale ya haraka yanayohitajika ili kuzuia kifo au kuzuia hali isizidi kuharibika. Mfupa uliotokeza nje na wayo unaopoa ni dharura mbele ya hakimu yeyote. Kisha inasema huduma hiyo ni pamoja na ile ya kabla ya kufika hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kupanga apelekwe kwingine iwapo waliompokea kwanza hawana vifaa au uwezo wa kumtuliza. Kwa hivyo kauli ya "hatukuwa na thieta ya mifupa" haimsaidii meneja. Nani aliwaomba wamfanyie upasuaji wa mifupa? Walitakiwa wazuie damu kwa bandeji safi, wamtundikie dripu, wampe dawa ya maumivu, waufunge mguu banzi, wapige simu hospitali ya kaunti kwamba anakuja mgonjwa ambaye mshipa wake huenda umekatika, waite ambulansi, waandike barua ya rufaa. Zahanati yenye muuguzi mmoja mwenye moyo ingeweza kufanya sehemu kubwa ya hayo. Kama wangempigia simu mpasuaji upande wa pili saa mbili na nusu, angekuwa amenawa mikono anawangoja. Nyinyi mlivuka kwa tuktuk, na hamkupewa hata kipande cha karatasi.

Adhabu nayo imeandikwa. Taasisi ya afya inayokosa kutoa matibabu ya dharura huku ina uwezo wa kuyatoa imetenda kosa la jinai, na ikipatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu. Uwezo unaozungumzwa hapo ni wa hospitali: wahudumu wake, dawa zake, vifaa vyake. Mfuko wa mgonjwa hauingii. Hospitali nyingi zinaendesha mambo kana kwamba sheria inasema kinyume, na watu wengi wanaamini hivyo, ndiyo sababu ukajikuta unabembeleza kwa kadi ya pikipiki wakati ulikuwa na haki ya kudai.

Karatasi ya polisi nayo haina nafasi katika hili. Fomu ya P3 ni ushahidi wa mahakamani, daktari huijaza baada ya kumhudumia mtu. Mtu hutibiwa kwanza, polisi baadaye. Anayekuambia urudi kituoni huku mgonjwa anavuja damu anakudanganya, au amedanganywa na mwajiri wake.

Ila nisikupe picha ya uongo: wajibu huu hauna maana kwamba kila daktari ni lazima amtibu kila mtu, kila ugonjwa, bure. Mgonjwa anayekwenda kliniki ya binafsi kwa ajili ya goti linalomsumbua tangu mwaka jana anaweza kuambiwa alipe kwanza, au aende kwingine. Afrika Kusini wana kifungu kinachofanana sana na chetu, na mwaka 1997 Mahakama yao ya Katiba, katika kesi ya Soobramoney, ilikataa kumhesabu mgonjwa wa figo aliyehitaji kusafishwa damu kila wiki kuwa mgonjwa wa dharura. Huwa nasikitika nikiisoma hukumu ile, lakini mstari ilioutia ndio unaoipa nguvu kesi yenu. Ajali ya ghafla, mwili uliopasuka, saa zinazohesabika: hicho hasa ndicho kilichokusudiwa. Vilevile, matibabu ya dharura hayakufuti deni. Wangemtibu, kisha wangewaletea bili, na ingekuwa halali yao kuidai.

Sasa mtoto wa jirani.

Faini ile ya kifungu cha 7 inailenga taasisi. Daktari ana mahali pake pengine pa kujibu: Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, linalotoa leseni za madaktari na za hospitali, na ambalo lina kamati ya nidhamu na maadili. Kamati hiyo itamuuliza swali moja zito. Alikuwa zamu. Langoni pameandikwa dharura. Aliinama, akagusa wayo, akajua mguu unakufa, akasema hivyo kwa kinywa chake. Kisha ikawaje akarudi ndani? Pengine aliambiwa asiguse mgonjwa bila risiti, na pengine kazi yake ilikuwa hatarini. Namhurumia, nimewaona vijana wengi wa namna yake, wana mikopo ya masomo shingoni na mwenye hospitali anayewatazama kwenye kamera. Lakini amri ya mwajiri haiwi kinga ya daktari. Angekuwa mpita njia barabarani tungebishana, maana sheria ya Kiingereza tuliyoirithi haimlazimishi mpita njia kumwokoa mtu asiyemhusu. Yeye hakuwa mpita njia. Alikuwa daktari wa zamu, ndani ya chumba kilichojaa bandeji.

Rai yangu ni hii: lalamiko liandikwe dhidi ya hospitali, na ndani yake lielezwe alichofanya daktari, chote. Aliwaambia ukweli kuhusu mguu. Hakumfunga hata bandeji. Andikeni yote mawili, bila kumpaka na bila kumfunika. Ukimwacha nje ili kumstiri mama yake, wa kwanza kumtaja watakuwa mawakili wa hospitali, na watamtaja kwa namna ya kumtwisha mzigo wote: kwamba daktari ndiye aliyeamua, sera yao ni nzuri, tatizo ni kijana mmoja. Akieleza mwenyewe kwamba alikatazwa na nani, kwa maneno gani, ushahidi wake utakuwa mzito kuliko wa mtu yeyote, na utamsaidia naye pia. Kwa hivyo nenda kwa jirani yako kabla barua haijatoka. Mwambie uso kwa uso mtakachoandika, na umwambie mwanawe atafute wakili wake mwenyewe, asimtegemee wa hospitali.

Kuhusu karatasi ya kurasa mbili, msisaini. Sijaisoma lakini nimesoma nyingi za aina hiyo. Kwa kawaida huwa na sentensi moja inayosema aliyesaini ameachilia madai yote, ya sasa na ya baadaye, na hospitali haikubali kosa lolote. Kama ni ubinadamu kweli, magongo hayahitaji saini. Waambieni walete magongo, na karatasi mtaipeleka kwa wakili.

Kisha kusanyeni ushahidi haraka, kwa maana mwingine unafutika. Jumbe za M-Pesa za usiku ule zina saa na dakika. Zitaonyesha kwamba saa tatu, saa nne, saa tano kasoro bado mlikuwa mnachangiwa, kwa hivyo bado mlikuwa pale. Msizifute, na wenzake wa stejini nao wasizifute. Faili la hospitali ya kaunti litaonyesha saa aliyofika na hali ya mguu. Namba ya OB ya ajali, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ichukueni kituoni. Halafu iandikieni ile hospitali ya binafsi barua ya kudai kumbukumbu za mapokezi na picha za kamera za kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya taarifa iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka siku 21 za kujibu. Kamera nyingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya muda, na wiki tatu zimeshapita.

Kuhusu kortini, lazima nikueleze jambo ambalo wakili wa tamaa hatakueleza. Kosa la kumnyima mtu matibabu limetimia pale pale kwenye benchi, hata kama mguu ungepona. Kwa hilo hamhitaji kuthibitisha kilichoukata mguu. Lakini mkidai fidia ya mguu wenyewe kwa uzembe, itabidi daktari bingwa aeleze mahakama kwamba ucheleweshaji ule ndio uliouua. Mguu uliokosa damu kwa kawaida huhesabiwa kama saa sita kabla misuli haijaanza kufa kiasi cha kutorudi, na nyinyi mlipotezewa zaidi ya saa mbili za hizo. Hoja ipo, tena ina nguvu, lakini upande wa pili utasema mshipa ulikatwa na gari na mguu ungekatwa tu. Muulizeni mpasuaji aliyemhudumia, kwa upole, kama yuko tayari kuandika maoni yake. Muda wa kufungua kesi ya uzembe dhidi ya mtu au kampuni binafsi ni miaka mitatu. Dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu, nalitaja hilo kwa msomaji mwingine aliyefanyiwa hivi katika hospitali ya umma.

Njia ya Katiba ni nyingine na haina gharama ya kuianza: Kifungu cha 22 kinakataza kutozwa ada kwa kufungua shauri la haki za msingi, na kinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida ikilazimu. Fidia inaweza kutolewa huko pia. Ile faini ya milioni tatu, kwa upande wake, huenda kwa Serikali. Nyinyi hamtaona hata shilingi yake, ila hospitali itakuwa na doa la jinai. Na mwenye gari lililomgonga ni mdaiwa wa pembeni kabisa, ana bima yake. Madai hayo yafuateni kivyake, msikubali yakachanganywa na haya ili hospitali ijifiche nyuma ya dereva.

Hofu ya kuzuiliwa wodini iondoe. Septemba 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kuhusu wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya bili za uzazi, ikasema kuwazuilia ni kuvunja haki zao na ikaamuru walipwe fidia. Deni ni deni, linadaiwa kama madeni mengine, mtu hafanywi rehani. Wakati uo huo nenda dirisha la SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, hapo hospitalini, uulize kama amesajiliwa. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 iliunda mfuko wa dharura na magonjwa mahututi pamoja na ule wa bima. Mwombe afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali akusindikize, ndiyo kazi yake. Usiondoke dirishani na jibu la mdomo.

Nimesema nitamrudia kijana. Ana miaka 24. Mguu ni wake, haki ni yake, na saini ni yake peke yake. Ami hawezi kusamehe kwa niaba yake, nawe dada yangu, uliyemlea na ukaupakata mguu wake kwenye feri, huwezi kushtaki kwa niaba yake akiwa ana akili timamu na kauli. Anaweza kutaka kesi. Anaweza kutaka aitwe mezani na mwenye hospitali, amtazame usoni. Anaweza kuchoka na kutaka apate mguu wa bandia tu arudi kutafuta riziki. Kudra anayoitaja ami ni imani yake na siigusi, lakini mwaminifu naye huruhusiwa kudai haki, na wa kuamua hapo ni mwenye mguu.

Basi akiamka, msomee barua hii. Barua ya kudai kumbukumbu na picha za kamera iandikeni leo, aisaini yeye, mpige nakala, na anayeipokea pale kaunta atie muhuri na saa. Hayo mengine yanaweza kungoja ajisikie nafuu.